KIKOMBE CHA SAMUNGE
Namna ya kupima maneno ya waganga na waaguzi

Katika mwezi wa Machi, mwaka 2011, barabara ya vumbi iendayo kijiji cha Samunge, katika eneo la Loliondo huko Tanzania, ilijaa magari yasiyohesabika. Yalikuwako mabasi, malori, teksi na magari ya fahari ya wakubwa, na wengine walishuka kutoka angani kwa helikopta. Wagonjwa walilala ndani ya magari au chini ya miti, siku baada ya siku, wakingoja zamu yao. Wengi walitoka Arusha, Mwanza na Dar es Salaam. Wengi pia walivuka mpaka kutoka Kenya. Wote walikwenda kunywa kikombe kimoja tu cha dawa, kwa bei ya shilingi 500 za Kitanzania, fedha ambayo haikutosha hata kununua chakula cha siku moja safarini.

Mtoaji wa dawa hiyo alikuwa Bwana Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, mwenye umri wa miaka 76 wakati ule, ambaye watu walimwita Babu. Yeye alisema ya kuwa Mungu alimwonyesha dawa hiyo katika ndoto. Ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti uitwao mugariga na wenyeji wa pale, ambao kwa Kiswahili huitwa mtandamboo, na kwa Kikuyu mukawa. Ilisemwa kwamba kikombe kile kiliponya kisukari, saratani, pumu na hata UKIMWI.

Mwisho wa mwezi ule magazeti yaliandika ya kuwa watu wapatao 50 walikuwa wamekwisha kufa wakingoja katika msafara. Wengine walikuwa wametolewa na jamaa zao katika vitanda vya hospitali wangali wagonjwa sana. Mzee mwenyewe akaomba watu wasije kwanza, hata waliokuwako wapungue. Lakini mfa maji haachi kutapatapa, na mtu aliyeambiwa kwamba ugonjwa wake hauna dawa hawezi kulaumiwa kwa kutafuta tumaini mahali popote panaposemwa kuwa lipo.

Basi makala haya hayakuandikwa ili kuwacheka watu wale. Yameandikwa ili kueleza jambo moja ambalo lingefaa kujulikana na kila mwenye nyumba: nalo ni namna ya kutambua kama dawa, au nguvu ya ajabu, inafanya kweli kile inachosifiwa kufanya. Njia hiyo si siri ya madaktari. Mtoto wa miaka tisa amekwisha kuitumia, kama itakavyoonekana hapa chini.

SWALI LILILOSAHAULIWA

Habari za Samunge zilipoenea, wataalamu wa Serikali ya Tanzania waliichunguza dawa ile, wakatangaza kwamba haina sumu ya kumdhuru mnywaji. Watu wengi waliposikia hayo walifurahi sana, wakasema, “Serikali imekwisha kukubali, dawa ni ya kweli.” Hapo ndipo kosa kubwa lilipoingia. Kusema kwamba kitu hakidhuru si sawa na kusema kwamba kinaponya. Maji ya kisima safi hayadhuru, uji haudhuru, wala chai haidhuru. Lakini hakuna mtu awezaye kusema kwamba kwa sababu hiyo uji huponya saratani.

Tena mzee alisema ya kuwa dawa ile haina nguvu isipokuwa imetolewa kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa nguvu yake ni neno la Mungu wala si mti. Kwa hiyo, hata kama wataalamu wangepima mizizi ile miaka kumi bila kuona kitu, mwenye kuamini angeweza kujibu, “Bila shaka, maana haikutoka mkononi mwa Babu.” Neno la namna hiyo lina kinga pande zote, halishindwi, kwa sababu limekwisha kuandaliwa udhuru kabla ya kupimwa. Msomaji na aliangalie sana jambo hili, maana ni dalili mojawapo ya kumfanya mtu asimame na kufikiri.

Hata hivyo, neno lile lingeweza kupimwa kwa haki kabisa. Wagonjwa wa kisukari, mathalan, wangeweza kupimwa damu yao kwanza, kisha wakagawanywa kwa kura katika makundi mawili yaliyo sawa, wote wakiendelea na dawa zao za hospitali. Kundi la kwanza lingepewa kikombe cha Babu kwa mkono wake mwenyewe kupitia tundu la pazia. Kundi la pili lingepewa, kupitia tundu lile lile, kikombe chenye rangi na ladha ya namna ile ile, lakini cha mti mwingine na mkono wa mtu mwingine. Mgonjwa asingejua amepewa kipi, wala mpimaji wa damu asingejua. Baada ya miezi mitatu damu ingepimwa tena, ndipo orodha ingefunguliwa. Kama kundi la kwanza lingekuwa limepata nafuu kubwa kuliko la pili, ulimwengu wote ungekuwa na haki ya kushangilia. Jaribio kama hilo halikufanywa, na mpaka leo hakuna uchunguzi uliothibitisha kwamba kikombe kile kilimponya mtu hata mmoja UKIMWI au kisukari.

KWA NINI MTU HUJIONA AMEPONA

Msomaji ataweza kuuliza, “Kama dawa haikuwa na nguvu, mbona watu wengi walirudi wakishuhudia kwamba wamepona? Je, walikuwa waongo wote?” La, hawakuwa waongo. Ziko sababu nyingine nne za kumfanya mtu mkweli ajione amepona.

Kwanza, magonjwa mengi hupona yenyewe. Mafua na maumivu ya mgongo mara nyingi huondoka baada ya siku kadhaa, mtu akinywa dawa au asinywe. Aliyekunywa kitu siku ya nne ataisifu dawa ya siku ya nne.

Pili, magonjwa mengine hupanda na kushuka kama maji ya bahari. Pumu, yabisi na maumivu ya tumbo huzidi leo, na kesho hupungua. Mtu huenda kwa mganga siku ile maumivu yamepanda sana, wala si siku ile yametulia. Basi hata asipotendewa lolote, siku zifuatazo zitakuwa nafuu.

Tatu, tumaini lenyewe huburudisha. Mtu aliyesafiri mchana na usiku, akapokelewa kwa upole na kuombewa, hupata raha moyoni, naye huyasikia maumivu yake kuwa mepesi. Raha hiyo ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa. Lakini haiondoi uvimbe wala haiui virusi vilivyo katika damu.

Nne, na hii ndiyo nzito kuliko zote, ni kwamba waliopona hurudi kusimulia, lakini waliokufa hawatoi ushuhuda. Mia wakienda, na watano wakijisikia wazima, watano hao watasema sokoni na kanisani, na sauti zao zitasikika mbali. Waliobaki hunyamaza kwa haya, au wamekwisha kuzikwa. Ndiyo sababu ushuhuda, hata ukiwa wa watu wengi, hauwezi kuwa kipimo cha dawa, mpaka wahesabiwe wote waliokunywa, pamoja na wale wasiokunywa.

VIKOMBE VYA PARIS

Mambo haya si ya Afrika peke yake, wala si ya watu wasiosoma. Katika mwaka 1778 alifika Paris, mji mkuu wa Ufaransa, daktari mmoja jina lake Franz Anton Mesmer. Alifundisha ya kuwa ulimwengu umejaa nguvu fulani isiyoonekana, mfano wa sumaku, na kwamba yeye aliweza kuielekeza katika mwili wa mgonjwa, au kuitia katika maji au mti. Mabibi na mabwana wa heshima walimiminika kwake. Walipoguswa walitetemeka, wakalia, wakazimia. Kisha wakasema wamepona.

Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliweka tume ya wataalamu ili kuchunguza habari hiyo. Miongoni mwao walikuwamo Benjamin Franklin, mjumbe wa Marekani, aliyekuwa mzee wa miaka 78, na Antoine Lavoisier, bingwa wa kemia. Hao hawakuuliza kama watu walitetemeka, maana kila mtu aliona ya kuwa walitetemeka. Waliuliza, “Je, watatetemeka kama hawajui kwamba nguvu imetumwa? Na je, watatetemeka wakidhani imetumwa, kumbe haikutumwa?”

Basi katika bustani ya Franklin, huko Passy, mwanafunzi wa Mesmer, Daktari Deslon, alitia nguvu hiyo katika mti mmoja wa matunda. Akaletwa kijana wa miaka 12 aliyechaguliwa na Deslon mwenyewe kuwa mwepesi wa kusikia nguvu. Alifungwa kitambaa machoni, akaongozwa kukumbatia miti minne, mmoja baada ya mmoja, na kati ya hiyo hapana hata mmoja uliotiwa nguvu. Kwenye mti wa kwanza alitoka jasho na kukohoa. Kwenye wa pili na wa tatu kichwa kilimzidi kuuma, akasema kwamba anakaribia. Kwenye mti wa nne alizimia, viungo vikakakamaa, ikabidi achukuliwe na kulazwa majanini. Na mti wenye nguvu ulikuwa mbali naye futi 24.

Kisha nyumbani kwa Lavoisier mwanamke mmoja alipewa vikombe vya maji, kimoja kimoja. Vilikuwa maji matupu, lakini alipofikiwa na kikombe cha nne alipatwa na kifafa cha kutetemeka. Alipotulia aliomba maji ya kunywa. Hapo akapewa kile kikombe chenyewe kilichotiwa nguvu na Deslon, bila kuambiwa. Akakinywa chote kwa utulivu, akasema amejisikia vizuri.

Tume ikaandika hukumu yake: kwamba mawazo ya mtu bila ya nguvu ile yalitosha kumtetemesha, na nguvu ile bila ya mawazo haikufanya kitu. Yafaa kukumbuka ya kuwa hawakumwita Deslon mwongo, wala yule kijana hawakumwita mwongo. Mtu aweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakosea kabisa.

MSICHANA WA MIAKA TISA

Hadithi nyingine ni ya karibu zaidi. Huko Marekani, katika miaka ya baada ya 1970, wauguzi wengi walifundishwa tiba moja ya mikono. Muuguzi hakumgusa mgonjwa. Alipitisha viganja vyake juu ya mwili wa mgonjwa kwa umbali mdogo, akisema kwamba anaisikia nguvu iliyouzunguka mwili na kuisawazisha. Tiba hiyo ilifundishwa katika vyuo na kutumiwa hospitalini.

Msichana mmoja wa jimbo la Colorado, jina lake Emily Rosa, alikuwa na miaka tisa alipotaka kufanya jaribio la sayansi la shule. Mama yake alikuwa muuguzi. Emily hakubishana na wataalamu wale, wala hakuwauliza wamewaponya watu wangapi. Alifikiri hivi: kabla ya kuisawazisha nguvu hiyo, ni lazima kwanza mtu aweze kuisikia. Basi na ijulikane kama wanaisikia.

Alisimamisha ubao wa karatasi ngumu wenye matundu mawili. Mtaalamu aliketi upande wa pili, akaipitisha mikono yake katika matundu, viganja vikitazama juu, wala hakuweza kuona. Emily alirusha sarafu ili kuchagua, kisha akaweka mkono wake juu ya kiganja kimoja cha mtaalamu, karibu sana bila kugusa, akauliza, “Mkono wangu uko juu ya mkono gani, wa kulia au wa kushoto?”

Wataalamu 21 walikubali kujaribiwa katika miaka ya 1996 na 1997, na baadhi yao walikuwa wameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20. Jumla waliulizwa mara 280. Mtu anayebahatisha tu angetazamiwa kupata mara 140, yaani nusu. Wao walipata mara 123. Habari hiyo ilichapwa katika jarida la Chama cha Madaktari wa Marekani mwezi wa Aprili, mwaka 1998, Emily akiwa na umri wa miaka 11.

Msomaji na aone jinsi kipimo chenyewe kilivyokuwa chepesi. Gharama yake ilikuwa kipande cha karatasi ngumu na sarafu moja. Kilichokuwa adimu ni ujasiri wa kuuliza swali lenye jibu la ndiyo au siyo, na uadilifu wa kuhesabu majibu yote, yaliyokosewa pamoja na yaliyopatikana.

WANAOSOMA MOYO WA MTU

Wako pia wanaosema kwamba hawahitaji dawa, kwa kuwa wao huona yaliyofichika. Katika miji mingi ya Kenya matangazo yao hubandikwa kwenye nguzo za umeme: mganga ametoka Tanga, au Pemba, au Kitui, hurudisha mume, huonyesha mwizi, hutabiri biashara. Mtu akifika kwake huambiwa, “Kuna mtu katika ukoo wenu anayekuonea kijicho.” Naye hushangaa: “Amejuaje?” Lakini ni ukoo gani usio na kijicho? Huambiwa tena, “Naona safari, naona fedha iliyopotea, naona maumivu upande huu wa mwili.” Maneno hayo ni kama kanzu pana, humwenea kila mtu. Tena mwaguzi hutazama uso wa mgeni. Akiona macho yamefumbuka, huendelea na neno lile. Akiona uso umebaki vile vile, huliacha na kushika lingine. Mgeni akirudi nyumbani hukumbuka matatu yaliyolingana, na yale tisa yaliyokosewa huyasahau.

Wengine huongeza hila kamili. Katika mwaka 1986 mhubiri mmoja wa Marekani, Peter Popoff, alikuwa akijaza kumbi kubwa. Aliwaita watu asiowajua kwa majina yao, akataja ugonjwa wao na hata mahali wanapokaa, nao watu wakalia wakimsifu Mungu. Mfanya mazingaombwe aitwaye James Randi alifika na wenzake, mmoja akiwa na chombo cha kunasa mawimbi ya redio. Kwenye megahezi 39.17 walisikia sauti ya mke wa mhubiri akimsomea mumewe majina na magonjwa, ambayo watu wenyewe walikuwa wameyaandika kwenye karatasi za maombi kabla ya ibada. Mhubiri alikuwa na kipokezi kidogo ndani ya sikio. Randi alizicheza sauti hizo katika televisheni mbele ya taifa zima, na mwaka uliofuata Popoff alitangaza kwamba amefilisika.

Randi huyo huyo, aliyezaliwa Kanada mwaka 1928 na kufariki mwaka 2020, aliweka zawadi kwa yeyote atakayeonyesha nguvu ya ajabu chini ya masharti ambayo pande zote mbili zimekubaliana kwanza. Alianza mwaka 1964 kwa dola 1,000, na tangu mwaka 1996 zawadi ikawa dola 1,000,000. Watu zaidi ya elfu moja waliiomba: wenye kutafuta maji kwa kijiti, wenye kusoma mawazo na wenye kuponya kwa mbali. Mpaka zawadi hiyo ilipofungwa mwaka 2015, hakuna hata mmoja aliyevuka jaribio la kwanza.

SAYANSI HAIIDHARAU MITISHAMBA

Yawezekana mtu aseme, “Haya yote ni kuidharau dawa ya wazee wetu na kutukuza vidonge vya Ulaya.” Sivyo hata kidogo. Kipimo ni kile kile kwa mti wa msituni na kwa kidonge cha kiwandani, na mara nyingi mti umeshinda.

Ushahidi mkubwa ni dawa ya malaria inayotolewa leo katika kila dispensari ya Afrika ya Mashariki, ile iitwayo dawa mseto. Sehemu yake moja hutokana na mmea wa Kichina uitwao qinghao. Katika karne ya nne mganga Ge Hong aliandika ya kuwa mmea huo huponya homa, ukilowekwa katika maji na kukamuliwa. Zaidi ya miaka 1,600 baadaye, Bibi Tu Youyou na wenzake walikichunguza kitabu hicho pamoja na vingine vingi. Aliona kwamba Ge Hong hakutaja kuuchemsha, akafikiri kwamba labda moto huiharibu dawa. Mwaka 1971 akaikamua bila moto mkali, nayo ikaua vijidudu vyote vya malaria katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake waliinywa kwanza wao wenyewe ili kujua kama ina sumu, ndipo wakawapa wagonjwa. Mwaka 2015 alipewa Nishani ya Nobel.

Msomaji na atazame tofauti ya njia hizi mbili. Bibi Tu hakusema, “Niaminini, kwa maana nimesoma kitabu cha kale.” Mimea mingi iliyosifiwa na vitabu vile vile ilishindwa mtihani, akaiacha. Huo mmoja uliposhinda, hakuuficha nyuma ya mkono wake mwenyewe. Dawa yake hufanya kazi ikitolewa na muuguzi wa Kisumu sawasawa na ikitolewa na daktari wa Beijing. Dawa ya kweli haimwulizi mtoaji jina lake.

GHARAMA YA KUTOPIMA

Huenda mwingine akasema, “Shilingi 500 ni kitu gani? Kama haifai, basi haidhuru.” Lakini hasara haikuwa katika shilingi zile. Na iwe mfano nyumba moja kama zilivyo nyingi. Kijana amerudi likizoni kutoka mjini, na baada ya kuamkia anamwuliza mama yake, “Mama, zile dawa zako za sukari siku hizi unameza saa ngapi?” Mama anajibu, “Mwanangu, hizo nimekwisha kuziacha. Nimekunywa kikombe, na mwenye kikombe amepona. Nikiendelea kumeza vidonge, si nitakuwa sina imani?”

Maneno hayo ndiyo yaliyoua watu. Dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, ambazo wakati ule zilitolewa bure katika hospitali za Serikali, humlinda mtu maadamu anazimeza kila siku. Akiziacha hajisikii vibaya siku ile, wala juma lile. Hivyo hudhani kwamba ni kweli amepona. Kumbe virusi vinaongezeka kimyakimya, na mara nyingine hurudi vikiwa sugu, hata dawa ya zamani isivifae tena. Watafiti waliochunguza wagonjwa wa kaskazini ya Tanzania, wakaandika habari zao mwaka 2014, waliona ya kuwa waliokwenda Loliondo walikuwa na tabia ya kukatiza dawa zao kuliko wasiokwenda.

Naye yule kijana ajibuje? Hana haja ya kugombana na mama yake, wala kumtukana mzee wa Samunge. Yatosha aseme, “Mama, mimi sibishani na imani yako. Lakini kama umepona, kipimo cha damu hakitakukana. Twende pamoja kesho dispensari tukapime. Sukari ikiwa imekwisha kushuka, daktari mwenyewe ndiye atakayekuondolea vidonge. Ikiwa haijashuka, tutaendelea navyo, na maombi tutaendelea nayo.” Mama mwenye busara hatakataa neno hilo, kwa sababu ndani yake mna heshima, na pia mna kipimo.

MASWALI YA KUULIZA

Siku nyingine atatokea mwenye kikombe kingine, kwa maana hata mwaka ule ule wa 2011 walitokea watoa vikombe huko Mbeya na Tabora. Hapo msomaji na ajiulize maswali haya kabla ya kufunga safari:

Je, anadai kuponya ugonjwa mmoja unaojulikana, au anadai kuponya yote? Kisukari, saratani na UKIMWI vina asili mbalimbali, wala hakuna ufunguo mmoja wa milango yote.

Je, waliopona walipimwa kabla na baada, na watu wasiohusika na mganga? Kujisikia vizuri si cheti.

Je, wamehesabiwa wote waliotibiwa, au wanaonyeshwa wale waliopona tu?

Je, anakubali kujaribiwa pasipo yeye wala mgonjwa kujua ni dawa ipi ya kweli? Akikataa, anaogopa nini?

Je, anakutaka uache dawa za hospitali? Akikutaka, ondoka upesi. Hili moja latosha peke yake.

Bwana Mwasapila alifariki mwezi wa Julai, mwaka 2021, akiwa na miaka 86. Misafara mirefu ilikuwa imekwisha zamani, na Samunge ilikuwa imerudia ukimya wake. Wengi waliomjua walisema alikuwa mtu mpole, naye hakuwatoza wagonjwa fedha nyingi. Huenda ni kweli aliamini kila neno alilosema. Lakini wema wa mganga haumponyi mgonjwa, kama vile wema wa nahodha hauzibi tundu la chombo. Wazee walisema, “Akili ya kuambiwa, changanya na yako.” Hawakusema mtu akatae kila aambiwalo, wala hawakusema akubali kila aambiwalo. Walisema achanganye, yaani apime. Na kupima huko hakuhitaji chuo kikuu, maana msichana wa Colorado alikufanya kwa sarafu moja.